Msimu wa Kujaza Maganda

Jumatatu, 23 Machi 2020

Jioni hii imetangazwa kwenye televisheni kuwa kila mtu abaki kwake. Nilikuwa nakuna nazi, nikaacha. Mbarouk hakuacha chai yake. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe chini, akasema, "Vizuri. Sasa nitapata nafasi ya kujaza maganda yangu."

Watu wanakufa huko nje, mume wangu amepata nafasi.

Baadaye Raya alipiga simu kutoka Lewisham, upande wa pili wa London. Binti yetu ni nesi, na hospitali yao imeshajaa. Ndiye aliyenambia niandike kila siku, ati kutanituliza. Nikamuuliza yeye nani atamtuliza. Akanijibu kuwa yuko sawa. Mie humsemesha Kiswahili, yeye hunijibu Kiingereza, tumezoeana hivyo. Lakini hiyo "niko sawa" yake ya Kiingereza siiamini.

Alhamisi, 26 Machi

Ameshusha ndoo ya kwanza kutoka darini.

Niliandike vizuri jambo hili, maana nikilisema vibaya mtu atadhani nimeolewa na jambazi. Mbarouk ni mwanachama wa klabu ya shabaha, huko upande wa Essex. Wanapiga karatasi. Ana kibali cha polisi, na bunduki zake na risasi zake hukaa ndani ya makabati ya chuma yaliyofungwa ukutani. Funguo hata mie sijui anaziweka wapi, na ndivyo sheria inavyotaka. Risasi ikishalia, ganda lake la shaba hubaki. Wenzake wengi huyaacha chini, wakanunua risasi mpya. Yeye huyaokota akaja nayo hapa Barking, akayasafisha, akayatia fataki mpya ya kuwashia kitakoni, baruti aliyoipima kwa mizani, na kichwa cha risasi juu, kisha akakibana kwa mashine. Ganda linakuwa risasi tena. Anasema ile aliyoijaza mwenyewe ndiyo anayoiamini.

Tangu astaafu kazi yake ya signali za reli alikuwa akisema atayamaliza maganda yote. Kila mara kukawa na harusi, au msiba, au paa linavuja. Sasa hakuna udhuru. Chumba kidogo cha juu, kilichokuwa cha Raya, ndicho karakana yake. Mie nilikuwa nikikifagia kwa kuinama mlangoni. Harufu yake siipendi.

Jumatatu, 30 Machi

Kra, tap. Kra, tap. Mashine yake, tangu asubuhi.

Jumatano, 1 Aprili

Foleni ya duka imezunguka mpaka kituo cha basi. Unga hakuna, mchele hakuna. Watu wazima wawili walitukanana mbele yangu kwa sababu ya karatasi ya chooni. Nimerudi nimemkuta Mbarouk amepanga masanduku ya risasi juu ya meza kabla ya kuyafungia, moja juu ya jingine, kila moja limebandikwa tarehe. Nikaingiwa na hofu ambayo sikuipata tangu utoto.

"Baba Raya, unamwogopa nani?"

"Namwogopa nani vipi?"

"Risasi zote hizi."

Akacheka. "Hizi za karatasi, Mwanamwema. Za mwaka mzima."

"Na watu wakitaka kuingia?"

"Nani aingie? Kaa utulie."

Sikutulia. Sote wawili tulikuwa watoto Wete mwaka ule wa mapinduzi, mtaa na mtaa, na sote tunajua mlango unasikikaje unapogongwa kwa kitako cha bunduki. Kisha ni yeye aliyekuja kuipenda bunduki. Tumezeeka pamoja na hilo sijalielewa.

Ijumaa, 3 Aprili

Avtar amepiga simu. Huyu ndiye rafiki wa Mbarouk wa roho, Singasinga wa Nakuru. Walikuwa pamoja relini, na ndiye aliyemtia klabuni. Anakaa Wembley na mkewe Surjit. Mbarouk huongea Kiswahili cha Pemba, Avtar cha Kenya, na kila mmoja humcheka mwenzake.

"Dada Mwana, hii mzee yako anasema amejaza ndoo mbili! Mwambie vita ilikwisha kitambo!"

"Nimwambie mie? Mwambie wewe, mie hanisikii kwa kelele za mashine."

Alicheka mpaka akakohoa, na kukohoa kukachukua muda. Akasema ni vumbi, alikuwa anafagia gereji.

Jumatano, 8 Aprili

Avtar amechukuliwa na ambulensi. Surjit hakuruhusiwa kwenda naye.

Jumamosi, 11 Aprili

Jua kali kama si London. Kra, tap.

Jumanne, 14 Aprili

Surjit alipiga asubuhi nikapokea mie. Alisema neno moja tu, kisha akapokea dada yake akanieleza.

Nilipanda juu. Mbarouk alikuwa amenipa mgongo, mkono juu ya mpini wa mashine.

"Baba Raya."

"Sema."

"Avtar katutoka."

Mkono ulibaki pale pale juu ya mpini. Nikadhani hakunisikia. Kisha akaushusha mpini taratibu mpaka chini, akaupandisha, akatoa ile risasi, akaifuta kwa kitambaa, akaiweka sandukuni na wenzake.

"Saa ngapi?"

"Alfajiri."

"Nani alikuwa naye?"

"Nesi, wanasema."

Akatikisa kichwa, akachukua ganda jingine. Nilisimama pale nikisubiri alie, au aniambie nitoke, au aseme chochote. Nikashuka jikoni nikalia mie, kwa ajili yangu na kwa ajili yake.

Nilipompelekea chakula mashine ilikuwa kimya. Ameketi, mikono mapajani. Akasema bila ya mie kumuuliza, "Unajua mie nilikuwa sitaki hii bunduki. Avtar alinibishia. Alisema siwezi kupiga ng'ombe hata nikifungiwa naye chumba kimoja. Nikaenda kumkomesha tu."

"Ukamkomesha?"

"Sikupiga kitu. Wiki ya pili nikarudi."

Hakula. Muda si mrefu nikasikia tena: kra, tap.

Jumamosi, 25 Aprili

Ramadhani imeingia jana. Leo wamemchoma Avtar, kama ilivyo mila yao. Tumeangalia kwenye kompyuta, maana hatukuruhusiwa kwenda. Watu wachache wamevaa barakoa, wamekaa mbalimbali kama wagomvi. Mbarouk aliangalia kwa kusimama, amevaa koti la klabu. Ilipokwisha aliendelea kusimama mbele ya kioo kitupu.

Jumanne, 28 Aprili

Wakati wa futari kanambia, "Avtar kanyamaza sana wiki hii."

Kijiko kilinianguka. Akaniangalia, kisha akasema haraka, "Najua, najua," akaendelea na uji wake.

Sijui nifikiri nini. Mamangu alipofariki mie mwenyewe niliwahi kunyanyua simu nimpigie. Ndivyo huzuni ilivyo. Lakini mie nilijua nimekosea kabla simu haijafika sikioni.

Jumamosi, 2 Mei

Leo nimeingia karakana na nikakaa. Ameniita mwenyewe, ati saumu inamchosha macho. Kazi yangu ni kuyaangalia maganda matupu: lenye ufa kando, lililopinda mdomo, yote ya kutupa. Nilidhani nitachoka. Sikuchoka. Ukilizungusha ganda mbele ya dirisha, ufa unajionyesha kama unywele. Nilipata matatu ambayo yeye aliyapita.

Kanionyesha na jambo jingine. Maganda ya bunduki yake ni mafupi, na baruti yake ni kidogo mno, haijazi hata nusu. Ukisahau ukatia mara mbili, nafasi ipo, na ikishabanwa huwezi kujua kwa nje. Hata kuipima hakusaidii, maana maganda hayafanani uzito. Basi kabla ya kufunga, kibao kizima cha mashimo, maganda yamesimamishwa ndani yake, humulikwa kwa tochi, na baruti lazima iwe kina kimoja kote.

"Na ikiwa mara mbili?"

"Bunduki inapasuka. Ikiwa huna bahati, na uso wako."

Nikamuuliza tena, maana alikuwa na moyo mkunjufu leo, kwa nini aliipenda. Nilidhani atasema Avtar. Akasema, "Walipokuja kumchukua ami yangu, yule mtu aliyeshika bunduki hakujua kuishika. Kaielekeza huku na huku, kidole kimo kwenye kifyatulio. Mie nilikuwa chini ya kitanda. Nikasema nikikua nitajua kitu kile kinafanyaje kazi, kisinitishe tena."

Haya hajapata kunambia. Zamani zote hizi tumelala kitanda kimoja. Sasa ipi ndiyo kweli, hii au ile ya ng'ombe?

Jumatano, 6 Mei

Leo tochi nimeshika mie. Ganda moja safu ya tatu limejaa kuliko wenzake. Nikamwonyesha. Akalimwaga bila ya kusema kitu.

Jumamosi, 9 Mei

Mawili yamezidi na moja tupu kabisa. Anasema mizani imeharibika. Inawezekana. Ni ya zamani.

Jumatatu, 11 Mei

Mizani mpya imefika. Mie ndiye niliyefurahi zaidi.

Jumatano, 13 Mei

Mizani mpya, na matatu yamezidi.

Nilipomwambia akanigeukia kwa hasira: "Bimkubwa, niache nifanye kazi!" Bimkubwa ni dada yake, marehemu. Nikasema, "Mie Mwanamwema." Akasema, "Nimesema Mwanamwema." Hakusema.

Kisha ikaja mbaya zaidi. Akanambia Avtar akipona atamletea sanduku moja la hizi azijaribu. Nikamwambia pole pole, "Baba Raya, Avtar hakupona." Akaniangalia kwa mshangao wa kweli. "Wewe mwenyewe umenambia juzi kuwa kapata nafuu. Hapa hapa, umesimama mlangoni."

Aliyasema kwa uhakika mpaka nikaanza kujitafuta. Nimesema? Labda nilizungumza habari za mtu mwingine, mgonjwa wa Raya. Nilikwenda kukaa uani, nikayafuata maneno yangu ya siku zile moja moja kama mtu anayetafuta pini. Nafunga, nimechoka, simwoni mtu wala sendi popote. Huenda mie ndiye ninayepotea.

Jumapili, 17 Mei

Nimepanda kufagia. Kabati la risasi liko wazi, na ufunguo unaning'inia kwenye kitasa. Mtu ambaye miaka yote hakunionyesha hata shimo ambamo ufunguo unalala.

Nimelifunga, nikampelekea ufunguo bustanini. Alikuwa anamwagilia nyanya. Akaupokea, akauangalia, akautia mfukoni. "Usiuguse tena," alisema. Na kwa upole, jambo ambalo lilinitisha kuliko angefoka.

Jumapili, 24 Mei

Idi. Raya amekuja, amesimama kwenye njia ya mbele, sisi mlangoni. Amekonda, alama za barakoa zimebaki mashavuni. Mbarouk alimchekesha kwa hadithi ndefu ya treni iliyopotea kati ya steshini mbili, na hakukosea jina hata moja. Mie nikawa naona haya kwa niliyotaka kumwambia. Lakini baba yake alipoingia kuleta kashata nikamwambia yote.

Alinijibu kwa Kiingereza, chini chini, haraka. Nimpigie daktari. Na polisi waje wachukue bunduki, leo.

"Leo Idi, mwanangu."

Akasema tena, safari hii kwa Kiswahili, na Kiswahili chake kilivunjika katikati: "Mama, yeye atajiua. Si kwa kutaka. Kwa kusahau tu."

Nilisema nitampigia daktari. Polisi nikakataa. Siwezi kuwaita watu waje kugonga mlango wa Mbarouk wakamchukulie kitu. Raya amezaliwa hapa, kwake polisi ni msaada. Labda yeye ndiye sahihi. Sijui.

Ijumaa, 29 Mei

Daktari amempigia Mbarouk. Amemuuliza tarehe, siku, mwaka, ahesabu kwa kurudi nyuma, ataje vitu alivyotajiwa. Kajibu vyote bila kosa. Alipoulizwa tarehe, mie niliyekaa pembeni nilikuwa nimeshatoa sauti: "Ishirini na nane." Mbarouk akanitazama. "Ishirini na tisa," alisema, "msamehe mke wangu."

Daktari anasema inaweza kuwa huzuni, inaweza kuwa tezi ya shingoni, inaweza kuwa mwanzo wa jambo jingine. Atapelekwa kliniki zikifunguliwa. Lini, hawajui. Kuhusu bunduki alisema ni bora zitoke nyumbani mpaka ijulikane, na kwamba atapiga tena wiki ijayo.

Mbarouk amekuwa na furaha mchana kutwa. "Umesikia? Nimepasi."

Alhamisi, 4 Juni

Barua pepe ya klabu: wanafungua Jumamosi ya wiki ijayo. Ametoa begi lake la turubai, ameanza kulipanga. Miwani, vizibo vya masikio, masanduku ya risasi. Anaimba.

Nilisimama mlangoni nikamwambia asiende na risasi zile. Nikamweleza vibao, maganda yaliyozidi, matupu, ufunguo kitasani. Nilisema vibaya, yote kwa mara moja, kama mtu anayemwaga gunia.

"Unanambia mie sina akili."

"Sikusema hivyo."

"Umenishtaki kwa daktari, umenishtaki kwa mwanangu. Kilichobaki ni uende msikitini ukatangaze kwenye kipaza sauti."

"Baba Raya, ikipasuka je?"

"Nimejaza risasi tangu Raya hajaota meno! Imeshapasuka hata moja?"

Hakuna hata moja. Hilo ni kweli. Akafunga mlango, si kwa kishindo. Tumeishi leo kama wapangaji.

Ijumaa, 5 Juni

Asubuhi nimepanda na chai vikombe viwili. Nikaweka chake mbali na baruti, anavyopenda, nikaketi kwenye kiti changu cha maganda.

"Nataka unijazie kibao kimoja," nikasema.

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mie nitakaa hapa, sitasema neno. Ukimaliza tumulike pamoja. Ikiwa yote sawa, begi nitakubebea mie mpaka garini, na sitalifungua tena jambo hili mpaka nife."

"Na isipokuwa sawa?"

"Utasema wewe."

Alifikiri. Nilidhani atanifukuza. Kisha akavaa miwani, akavuta kibao.

Safu ya kwanza ilikuwa raha kuitazama. Baruti kwenye mizani, kidogo, kidogo, kwenye faneli, kwenye ganda, ganda kibaoni, lifuatalo. Mikono yake haitetemeki. Nilianza kuomba moyoni niwe nimekosea, niwe mie ndiye mgonjwa. Ningeshukuru.

Safu ya pili, jirani akawasha mashine yake ya kukatia majani. Mbarouk akanyanyua kichwa, akatazama dirishani. Aliporudi, mkono ulilifuata lile lile ganda alilotoka kulijaza. Akatia tena.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Nikaumeza ulimi wangu. Nikisema, atasema angejirekebisha, na pengine kweli. Nisiposema, ninamwacha mume wangu atumbukie mbele yangu. Nilibana kikombe kwa mikono miwili. Alirudia tena safu ya nne. Safu ya mwisho akaruka moja, hata hakuligusa.

"Haya," akasema. "Tochi."

Nikampa. Akainama. Mwanga ulikwenda safu kwa safu, ukasimama. Ukarudi nyuma, ukasimama tena pale pale.

"Hili," akasema.

Akaendelea. "Na hili." Kisha, baada ya muda mrefu, akatia kidole kwenye lile tupu, kana kwamba macho yanamdanganya.

Aliweka tochi mezani bila ya kuizima.

"Ulikuwa unaona?"

"Nilikuwa naona."

"Na hukusema."

"Niliahidi."

Akageuka kutazama kabati la chuma. "Zile za mle ndani. Tangu lini?"

"Sijui. Tangu Avtar. Labda kabla."

"Tukizipima..."

"Umenifundisha mwenyewe. Maganda hayafanani."

Akacheka kidogo, kicheko kisichokuwa na sauti. "Ingenipasukia usoni."

"Wewe, na aliyesimama karibu yako."

"Avtar ndiye anayesimama kulia kwangu," alisema. Nilimwona analitafuta neno, analipata. "Alikuwa akisimama."

Hapo ndipo alipolia. Mara ya kwanza tangu Aprili. Nilimshika kichwa, na chai ikapoa, na yule jirani akaendelea kukata majani yake.

Jumatatu, 8 Juni

Tunazivunja. Ipo nyundo yake maalumu ya plastiki: unaichomeka risasi ndani, unagonga juu ya gogo, kichwa kinachomoka na baruti inamwagika. Yeye anagonga, mie nachambua. Shaba huku, vichwa huku, baruti kwenye ndoo ya maji. Zote, kuanzia ndoo ya kwanza. Nilimwambia za mwezi wa Machi labda ni nzima. Akasema, "Labda ndiyo nini?"

Alhamisi, 11 Juni

Mvua, mwishowe. Mkono umemvimba. Nimegonga mie.

Jumamosi, 13 Juni

Leo klabu imefunguliwa. Hakuitaja. Nilimuuliza, tukiwa tunagonga, ile habari ya ami yake na kitanda ni kweli au ya ng'ombe. Akauliza, "Ng'ombe yupi?" Na sijui kama anasahau au ananichezea, maana alikuwa anatabasamu.

Alhamisi, 18 Juni

Mwenye duka la bunduki, aliye na leseni, amekuja kuchukua kila kitu. Mbarouk mwenyewe ndiye aliyempigia, na kwa polisi akapiga mwenyewe kuwaarifu. Alivaa shati la pasi. Aliitoa bunduki moja moja, akafungua, akaonyesha kuwa tupu, akakabidhi. Yule bwana akauliza kama ameamua kupumzika. "Hapana," Mbarouk alisema. "Natia baruti mara mbili." Alisema hivyo hivyo tu, kama anavyotaja hali ya hewa. Yule bwana hakujua atazame wapi.

Jioni nikampigia Raya. Akaniuliza kama mie niko sawa. Nikamwambia kwa Kiingereza kuwa niko sawa.

Jumapili, 28 Juni

Sasa watu sita wanaruhusiwa kukaa nje pamoja, na Surjit ametuita Wembley, kwenye bustani yake, tumkumbuke Avtar. Mbarouk ameendesha gari. Njia nzima ya North Circular alikuwa anabadilisha leni kama kijana, akanambia kila daraja lilijengwa lini. Nilimtazama pembeni nikajiuliza, tumefanya nini? Tumemvua mtu mzima kitu chake cha maisha kwa sababu ya maganda machache?

Surjit alimwomba aseme. Alisimama karibu na gereji, akasema kwa Kiswahili, na Surjit akawatafsiria dada zake. Alieleza jinsi Avtar alivyomgawia chapati siku yake ya kwanza relini kabla hawajajuana majina, na jinsi walivyogombana mwezi mzima kuhusu neno "baiskeli." Watu walicheka, kisha walilia. Hakupoteza hata herufi. Surjit, niliyekwisha kumweleza kwa simu, aliniminya mkono, akaninong'oneza, "Lakini yuko sawa kabisa, dada."

Tukaanza kurudi. Baada ya mwendo kidogo akapunguza, akatoka barabarani, akaingia kituo cha petroli. Nikadhani anataka mafuta. Akazima injini.

"Mwana," akasema, "njia ya kuja niliijua. Hii siijui."

"Ndiyo ile ile, Baba Raya. Tunarudi tu."

"Najua ni ile ile. Ndiyo nnakwambia." Alikuwa ameshika usukani kwa mikono yote miwili na gari limezimwa. "Nimedhani ni baruti peke yake."

Mtu nyuma yetu akapiga honi. Mbarouk akachomoa ufunguo, akanipa.

Leseni ninayo, lakini sijaendesha tangu nilipoacha kazi ya jikoni skuli. Tulizunguka gari, yeye kwa mbele, mie kwa nyuma. Sikujua hata vioo vinarekebishwa wapi, akanionyesha. Niliingia barabarani kwa woga, malori yakanipita yakilia, nami nikashikilia leni ya kushoto na mwendo wangu wa harusi.

Tulipokaribia Redbridge akanyanyua kidole. "Toka hapa. Kushoto."

Haikuwa kushoto. Nikanyoosha moja kwa moja. Aliniangalia, kisha akaangalia mbele, akapandisha kioo chake kwa sababu mvua ilikuwa inaanza.